Kipimo cha Ubao wa Mchagoni

Mtu anayekwenda kwa seremala kuagiza kitanda aghalabu hufika na kipimo kimoja tu kinywani, nacho ni cha jina la kitanda: nne kwa sita, tano kwa sita, au sita kwa sita, na akisha kukitaja, akachagua aina ya mti na rangi ya vanishi, hudhani kwamba shughuli yake imekwisha, ilhali kile kipande cha kitanda ambacho macho hukikuta kwanza mlango wa chumba ukifunguliwa, na ambacho mgongo wake utakiegemea kila usiku kwa miaka mingi ijayo, kimeachwa kwa fundi akikadirie kwa mazoea. Fundi hana lawama. Yeye hakijui chumba, haujui unene wa godoro, wala hajui kama mwenye kitanda ni mtu wa kusoma kabla ya kulala au ni mtu ambaye usingizi humchukua mara tu akilaza kichwa. Basi huukata ubao wa mchagoni kwa kipimo kilekile alichomkatia mteja wa jana. Makusudi ya mwongozo huu ni kumwezesha msomaji aende kwa fundi na vipimo vitatu badala ya kimoja, navyo ni upana, kimo na unene, kila kimoja kikiwa kimetoka mahali pake pa haki: upana utoke katika kitanda, kimo kitoke katika mgongo wa mtu, na unene utoke katika chumba.

Kazi huanza na godoro, wala haianzi na mbao. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu desturi ya wengi ni kununua kitanda kwanza na godoro baadaye, pindi fedha ikipatikana, na hapo ndipo hesabu yote inapoharibika. Godoro linaloitwa sita kwa sita si lazima liwe na urefu wa futi 6 kamili: yako yenye urefu wa inchi 72, ambazo ni futi 6 hasa, na yako yenye inchi 75, nayo yote huuzwa kwa jina hilohilo moja. Unene hutafautiana zaidi, kwa maana hupatikana magodoro ya inchi 4, 6, 8, 10, hata 12, na kila inchi inayoongezeka katika unene wa godoro ni inchi inayomezwa katika kimo cha ubao. Mtu aliyekuwa na godoro la inchi 6, na ubao uliosimama inchi 20 juu yake, siku atakapolibadili kwa godoro la inchi 10 ataona kuwa ubao umebakiwa na inchi 16, na mto ukisimamishwa utaufunika wote pamoja na nakshi zake alizozilipia. Basi chukua futi kamba, ulipime godoro ulilo nalo au ulilokusudia kulinunua, urefu, upana na unene, uviandike vipimo hivyo kwenye karatasi. Na ikiwa hujakata shauri juu ya unene, lifanye shauri hilo sasa, au fanya hesabu yako kwa godoro nene kuliko yote unayotarajia kulinunua siku za mbele.

Upana ndio mwepesi kati ya vipimo vitatu, nami sitakawia hapo. Kitanda cha futi 5 kina godoro la inchi 60, lakini mifumbati yake miwili, ambayo kila mmoja huwa na unene wa inchi 1 hadi 1½, hukaa nje ya godoro, na nafasi ndogo ya kupitisha vidole wakati wa kutandika shuka huachwa kila upande. Hivyo kitanda chenyewe, kikipimwa toka nje hadi nje, hukaribia inchi 64. Ubao uliokatwa inchi 60 kwa kulifuata jina la kitanda utaonekana umepungukiwa, na ncha za mifumbati zitachomoza pembeni mwake bila stara. Kwa hiyo pima toka nje ya mfumbati mmoja hadi nje ya mfumbati wa pili, kisha uongeze inchi 1 au 2 kila upande: kitanda cha futi 4 kitapata ubao wa inchi 54 hadi 56, cha futi 5 kitapata wa inchi 66 hadi 68, na cha futi 6 kitapata wa inchi 78 hadi 80. Kupita hapo kwahitaji sababu. Sababu njema ni moja, nayo ni kutaka ubao uendelee nyuma ya vimeza viwili vya pembeni, ili kitanda na vimeza vionekane kuwa kitu kimoja; na mwenye kuitaka haiba hiyo ajue kwamba kitanda cha futi 5 chenye vimeza vya inchi 18 kila upande kitadai ubao usiopungua futi 8 na inchi 4, na kwamba vyumba vingi vya nyumba zetu havina ukuta mtupu wa urefu huo baada ya kutoa mlango, dirisha na kabati.

Sasa twafika kwenye kimo, ambacho ndicho kiini cha shauri lote, na ambacho kipimo chake hakiwezi kuazimwa kwa jirani. Njia iliyo sahihi kuliko zote haina gharama. Liweke godoro sakafuni, ulisukume mpaka liguse ukuta mtupu, ukae juu yake kama unavyokaa usiku unaposoma au unapozungumza na mwenzio, na mto uliouzoea ukiwa nyuma ya kiuno. Tulia kitambo, maana mgongo hujinyoosha mtu akijua kwamba anapimwa na hulegea akisahau. Kisha mwombe mtu wa nyumbani atie alama mbili za chaki ukutani, moja pale mabega yanapokoma na moja pale kisogo kinapogusa. Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani, alama ya mabega aghalabu huangukia karibu na inchi 20 juu ya godoro au zaidi kidogo, na alama ya kisogo baina ya inchi 26 na 30. Uzuri wa njia hii ni kwamba godoro limekwisha kubonyea chini ya uzito wako, na mto umekwisha kuchukua nafasi yake, hivyo huna haja ya kukisia jambo lolote. Na kama kitanda ni cha watu wawili, wapimwe wote wawili, na alama ya mrefu wao ndiyo ifuatwe, kwa kuwa mfupi hadhuriki na ubao uliomzidi, bali mrefu hudhurika na ubao uliompungukia, ukingo wake ukimkata shingoni kila anapojinyoosha.

Mwenye kusoma kitandani, au mwenye kunyonyesha mtoto usiku, au mzee au mgonjwa ambaye huketi zaidi kuliko kulala, ahitaji ubao uipite alama ya kisogo kwa inchi 2. Asiyeketi kitandani ila wakati wa kuvaa viatu hana haja ya fahari hiyo, na inchi 14 hadi 18 juu ya godoro zamtosha kuizuia mito isianguke na kuulinda ukuta usichafuke kwa mafuta ya nywele. Baada ya hapo hesabu ni ya kujumlisha: kimo cha chaga toka sakafuni, pamoja na unene wa godoro, pamoja na sehemu ya ubao itakayoonekana. Chaga zikiwa inchi 12 toka sakafuni, na godoro likiwa na inchi 8, na msomaji akitaka inchi 28 za kuegemea, ubao wake utakuwa na kimo cha inchi 48, yaani futi 4 kamili toka sakafuni. Ilhali yule wa kulala tu, akiridhika na inchi 16, ubao wake utasimama inchi 36. Tafauti hiyo ya futi nzima baina ya watu wawili wenye vitanda vya jina moja yaonyesha wazi kwa nini fundi asiachiwe akisie. Muhimu pia ni ukingo wa chini: kipande chenyewe cha kuegemea kianze walau inchi 4 chini ya uso wa godoro, kwa maana mahali kinapoanzia juu ya godoro huachwa mwanya, na mwanya huo humeza mito, tasbihi, miwani na simu.

Wenye vitanda vya kale wana hesabu yao mbali. Vitanda vya samadari, vyenye matendegu ya kukereza na mchago wa vioo na michoro, vilifanywa virefu hata mtu akapandia kigoda, na mvungu wake ukawa ghala ya masanduku. Godoro likilala juu kiasi hicho, ubao wa futi 4 toka sakafuni hauachi juu yake ila kipande kidogo. Mwenye kurithi kitanda cha namna hiyo, akataka kukifanyia mchago mpya, asithubutu kuchukua kipimo cha kitanda cha leo, bali aanze kupima toka kwenye godoro kwenda juu.

Umekwisha kupata kimo kinachoufaa mgongo; sasa kiulize chumba kama chakubali. Dari ya nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi ipo futi 9 au 10 toka sakafuni, na kwa maoni yangu ubao usipite nusu ya kimo cha ukuta uliosimama mbele yake, kwa sababu ukipita hapo dari huonekana imeshuka, na kitanda huonekana kama mtoto aliyevikwa kanzu ya kaka yake mkubwa. Katika nyumba zenye dari ndefu za zamani, ubao wa futi 5 hukaa kwa taadhima pasipo kuelemea. Dirisha nalo lina haki yake. Kizingiti cha chini cha dirisha aghalabu kipo karibu na futi 3 toka sakafuni, na ubao wa inchi 48 uliowekwa mbele yake utaziba inchi 12 za uwazi, tena zile za chini, ambazo ndizo zinazompuliza mtu aliyelala. Mtu wa bara penye baridi aweza kuliona jambo hili dogo. Lakini aliyelala Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi, usiku usio na umeme, anajua thamani ya kila inchi ya upepo. Ikiwa hapana budi kitanda kikae chini ya dirisha, basi ama ubao ukomee chini ya kizingiti, ama uwe wa vijiti vya kukereza vyenye nafasi baina yao, upepo upite na mgongo upate pa kuegemea, ingawa kwa mto wa ziada.

Kabla ya kulifunga shauri la kimo na upana, lifanye jambo moja ambalo halikugharimu ila dakika chache. Kanga moja, au leso kama waitavyo Mombasa, ina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110 hivi, yaani futi 5 kwa futi 3 na nusu au zaidi kidogo. Itundike ukutani mahali ubao utakapokaa, uikunje au uiongeze ya pili mpaka itimie kipimo ulichokiandika, kisha ukae nayo siku mbili tatu. Itazame toka mlangoni, itazame ukiwa umelala, uwashe taa uone kama swichi imefunikwa, utafute soketi za umeme zilizo karibu na sakafu uone kama zimebaki nje au zimepotea nyuma ya kitambaa. Mafundi wa umeme huziweka soketi za kichwani kabla mwenye nyumba hajanunua kitanda, na ubao uliozidi inchi 3 tu waweza kuzifanya zote mbili zisifikiwe na mkono. Macho yakisumbuliwa na kanga yatasumbuliwa zaidi na mbao, na ni rahisi kuikunja kanga kuliko kuukata ubao uliokwisha kupigwa vanishi.

Kuhusu ukuta wenyewe, kila nyumba ina desturi zake, nazo hubadili hesabu. Watu wengi wa pwani hawapendi kulala miguu ikiwa imenyooshwa upande wa kibla. Na kwa kuwa Makka, kwa aliye Unguja, Mombasa au Lamu, iko upande wa kaskazini, mchago hauwekwi ukuta wa kusini, na kuta zilizobaki ndizo za kupimwa. Katika nyumba za mawe za miji ya kale shida ni nyingine. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, na boriti hizo hazikuvushwa nafasi kubwa kuliko mita 2.5 hadi 3 hivi. Katika chumba chenye upana wa mita 2.7, kitanda kilichoegemezwa ukuta mrefu hubakiza futi 2 tu miguuni, na apitaye hupita kwa ubavu. Lakini kikipelekwa mwisho wa chumba, mchago ukaegemea ukuta mfupi, hata kitanda cha futi 6 huacha zaidi ya futi 1 kila upande na urefu wote wa chumba mbele yake. Hapo ubao usizidi upana wa kitanda hata kwa inchi moja kuliko inavyolazimu. Tena usipigwe parafujo ukutani, kwa kuwa ukuta wa matumbawe na lipu ya chokaa humomonyoka penye tundu la keekee, na nyumba zilizo ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu, miji iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na mwaka 2001, si za kutobolewa ovyo. Ubao usimame juu ya matendegu yake wenyewe, na uachwe mbali na ukuta kwa inchi 1, hewa ipate kupita, maana kuta hizo hutoa unyevu na chumvi, na mbao iliyobanwa hapo hufanya ukungu mgongoni pasipo mtu kujua.

Unene hudharauliwa kuliko vipimo vyote, kwa vile hauonekani mtu akitazama kwa mbele. Chukua chumba cha futi 10 kwa futi 10, ambacho ndicho cha wapangaji wengi mijini, yaani inchi 120 toka ukuta hadi ukuta. Godoro la inchi 75, ubao wa mchagoni wenye unene wa inchi 3, na kitakizo cha miguuni cha inchi 2, jumla ni inchi 80, na zinabaki inchi 40. Kabati la nguo likisimama upande wa pili lenye kina cha inchi 24, nafasi iliyobaki ni inchi 16, nayo haitoshi kuufungua mlango wa kabati wenye upana wa inchi 18. Chumba hichohicho, kwa godoro la inchi 72, huacha inchi 19, na mlango hufunguka. Sasa mtu akiingiza humo ubao wa sponji wenye unene wa inchi 6, kama zile zinazopendwa sana siku hizi kwa vifungo vyake na mahameli yake, hasara ni ileile hata kwa godoro fupi. Kwa chumba cha namna hiyo mimi humnasihi mtu achukue ubao wa mbao tupu, inchi 1½ au 2, na starehe ya mgongo aitafute katika mto mzuri.

Ubao wa sponji una mambo mawili zaidi yanayoambatana na ukubwa. La kwanza ni kitambaa: majora ya kitambaa cha makochi aghalabu yana upana wa inchi 54 hivi, kwa hiyo ubao wa kitanda cha futi 5 au 6 hauwezi kufunikwa kwa kipande kimoja kilichosimamishwa, bali ama utakuwa na mshono, ama kitambaa kilazwe ubavu, na mahameli yakilazwa ubavu manyoya yake hulalia upande mmoja, na rangi huonekana tafauti mtu akihama toka dirishani kwenda mlangoni. Mwulize fundi mshono utakaa wapi kabla hajakata, naye mwenye ustadi ataugawa ubao katika vipande vitatu au vinne vilivyo sawa, mishono ikawa ndiyo pambo. La pili ni plaiwudi iliyo nyuma ya sponji. Karatasi yake moja ni futi 8 kwa futi 4, na ubao uliobaki ndani ya vipimo hivyo hutoka mzima bila kiungo; uliopita hapo huungwa, na penye kiungo ndipo unapolegea. Aliye na vitanda viwili vya watoto apate faida hapa: akiridhika na kipande cha kuegemea chenye kimo cha inchi 24, karatasi moja itampa mbao mbili. Lakini kwa watoto, na kwa nyumba za wageni wengi, sipendekezi sponji asilani, kwa kuwa kunguni hupenda mishono na vifungo kuliko kitu chochote, na ubao wa mbao hufutwa kwa kitambaa na kuchunguzwa kwa jicho.

Chandarua ndicho kitu ambacho miongozo ya nchi za baridi haikitaji, nacho kwetu hakina mjadala. Chandarua huchomekwa chini ya godoro pande zote nne, na ubao uliobanana na godoro huuzuia mkono kupita, ikawa upande wa kichwani ndio mlango wa mbu. Mwambie fundi aache nafasi ya vidole viwili baina ya ubao na godoro, ambayo haitaonekana mito ikiwa mahali pake. Ubao uliopita upana wa godoro kwa inchi 2 hauleti taabu, kwani chandarua hupita ndani yake. Bali ubao mrefu huleta hatari nyingine, nayo ni kwamba anayeketi na kuegemea hukibana chandarua baina ya mgongo wake na mbao, na mbu humwuma mtu kupitia kitambaa kilichogusa ngozi. Mwenye kupenda kusoma ndani ya chandarua atumie kile kikubwa cha duara, kinachoshuka nje ya ubao na kufika sakafuni. Na hapo ajue kwamba vyandarua vingi vya pembe nne vina kimo cha sentimita 150 hadi 180 tu, navyo vikiachwa vifike sakafuni pembe zake za juu zitakuwa karibu na usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama au chini yake, kwa hiyo havifai kwa kazi hiyo. Jingine, nakshi za juu ya ubao zisiwe na ncha kali. Ua lililochongwa likamalizika kwa ncha ni zuri mchana, lakini usiku hupasua chandarua, na tundu la ukubwa wa kidole humtosha mbu.

Kwa upande wa miti nitasema yale tu yanayohusu ukubwa. Mbao hupanuka na kusinyaa katika upana wake kwa kufuata unyevu wa hewa, na kipande cha msindano chenye upana wa futi 2 chaweza kuongezeka robo inchi baina ya kiangazi na masika. Kikiwa kimegongomewa misumari pande zote, hakina pa kwenda ila kupinda au kupasuka. Ubao mkubwa wa mbao tupu lazima uwe na fremu yenye mfereji, na kipande cha kati kikae ndani ya mfereji huo bila gundi, kipate wasaa wa kupumua. Mninga hutulia kuliko miti mingi yetu, nao ndio ninaoupenda kwa ubao mpana. Msaji na mkangazi hufuata. Mkaratusi mbichi uepukwe kabisa. Na kadiri ubao unavyokuwa mrefu ndivyo matendegu yanayoushika yanavyohitaji kuwa manene, kwa sababu mtu akiegemea juu husukuma kwa nguvu iliyozidishwa na kimo, na viungo vya mifumbati ndivyo vinavyoumia. Kwa ubao wa futi 4 matendegu ya inchi 3 kwa 3 hayawi makubwa.

Wako ambao ndugu zao walio Dubai, Maskati, London au Marekani huwaletea vitanda au mchago peke yake ndani ya makontena, na hapo vipimo hugongana. Kitanda cha Marekani kinachoitwa Queen ni cha godoro la inchi 60 kwa 80, na kile cha King ni inchi 76 kwa 80. Hivyo mchago wa Queen huweza kukifaa kitanda chetu cha futi 5, na wa King hukikaa kitanda cha futi 6 bila aibu, kwa kuwa upana wa nje wa kitanda hicho nao hukaribia inchi 76. Kitanda cha kawaida cha Uingereza cha watu wawili, chenye sentimita 135, kiko katikati ya futi 4 na futi 5, na mchago wake ni mkubwa kwa kimoja na mdogo kwa kingine, usikubali uletewe. Hata upana ukilingana, matundu ya bolti hayatalingana na mifumbati ya huku, basi mwombe ndugu apime kimo cha matundu hayo toka chini kabla ya kulipa nauli.

Ikiwa unaishi ghorofani, pima na ngazi. Ubao wa inchi 80 kwa 48 hupita mlangoni ukilazwa ubavu, lakini katika ngazi nyembamba zenye kona, ambazo ndizo ngazi za nyumba za kale, hukwama penye kona. Na ule wa futi 8 au 9 uagizwe katika vipande vitatu vya kuunganishwa kwa bolti ndani ya chumba.

Basi mpe fundi karatasi yenye upana toka nje hadi nje, kimo toka sakafuni, kimo juu ya godoro, mahali ukingo wa chini unapoanzia, na unene. Umwachie nakala, na nakala ubaki nayo. Rudi karakanani kabla ya vanishi kupakwa, na futi kamba mkononi, kwa kuwa mbao isiyo na rangi bado yaweza kupunguzwa kwa randa. Siku ya kukileta kitanda nyumbani, kifungwe chote, godoro liwekwe, chandarua kichomekwe, nawe uketi uegemee kabla ya kumalizia malipo; na baada ya mwezi mmoja uzikaze bolti tena, maana mbao ikisha kuizoea hewa ya chumba chako hulegea kidogo penye viungo.